Tundu la Ukutani

Sheria ilikuwa moja tu: ukoo ulioanzisha moto uliouteketeza mji haukuruhusiwa kuwasha chochote, hata kibiriti. Mtambo wa kupima majivu ulisema moto ule ulianzia jikoni kwa bibi yake Sikudhani. Basi miaka arobaini Sikudhani alikula vya baridi, na chai ya moto aliipata kwa siri, kwani kila asubuhi jirani yake Mwanahawa alimpitishia chupa ya chai kwenye tundu la ukutani. Wanawe wote watatu walikua kwa maziwa yaliyochemshwa upande wa pili.

Jumatatu akaja afisa amebeba jiko jipya.

"Hongera, mama. Mtambo umepima upya. Moto haukuanzia kwenu, ulianzia kwa jirani."

"Jirani yupi?"

Afisa alionyesha ukuta kwa kidevu. "Jiko lao tumeshalichukua. Na ukiwapa hata kaa moja la moto, mnarudi mlikotoka, wewe na wanao."

"Si mtambo huohuo uliokosea kwetu?"

"Ndiyo maana umepima upya."

Sikudhani aliwasha jiko, akabandika maji. Yalipoanza kuchemka, chupa ikapenya tunduni kama kawaida. Aliipokea. Ilikuwa nyepesi, tupu, imeoshwa vizuri.

"Shoga," Mwanahawa alinong'ona, "mjukuu wangu anakohoa."

Sikudhani alimtazama afisa, ambaye bado alikuwa akiandika mlangoni. Akairudisha chupa vilevile tupu, kisha akavua mtandio wake, akausokomeza tunduni mpaka sauti ikakatika.