Tehmina Asaka Naap ya Wizi

Usijifanye hukuona. Tangu enzi za kaseti, jasho la watu linanakiliwa kwa wizi na kuuzwa sokoni kama njugu, nawe ukipita pale unajifanya kutazama vioo vya simu. Bei unaijua.

Leo mtazame Tehmina. Anapanda ngazi za soko la kompyuta la Lahore, mtandio umemteleza, anauliza kibanda kwa kibanda: "Mna Naap ya wizi?"

Naap aliiandika mwenyewe, kwenye meza ya jikoni kwa mama yake. Ni programu ya mafundi cherehani. Inatunza vipimo vya kila mteja, hata yule anayenenepa kila Idi kisha akadai kitambaa kimerudi kwa kufuliwa. Kwa ajili yake aliacha kazi ya benki. Baba alimpa hadi mwisho wa Ramadhani. Isipouzika, arudi kaunta akahesabu pesa za wenzake.

Na mafundi? Waliisifu, wakamnywesha chai, wakafunga pochi. "Tutaipata sokoni, ya wizi, kwa bei ya chai, binti," mmoja alimwambia. "Kila kitu kizuri kiko sokoni."

Katika kibanda cha mwisho alikuwamo Rafaqat, tumbo juu ya kaunta, bajia mkononi.

"Naap ya wizi unayo?"

"Wewe polisi, dada?"

"Umeshaona polisi akipanda ngazi zote hizi?"

Rafaqat alicheka hadi bajia ikampalia. "Ninazo za uhasibu, za kuchora nyumba, mpaka za nyota za ndoa. Naap ndiyo mdudu gani?"

"Usinizungushe. Nani anaiuza humu?"

"Wallahi hakuna! Nani ahangaike kuiba kisichojulikana?"

Tehmina akavuta stuli, akaketi. Macho yalikuwa yamemwiva. "Naap niliiandika mimi." Rafaqat akaingiwa na huruma, akamsogezea sahani.

"Kula, dada. Wenzako huja hapa kunitukana kwa kuwaibia."

"Mimi nimekuja kukutukana kwa kutoniibia!" Akaumwaga mkoba: flashi kibao zenye Naap juu ya kaunta. "Kufuli nimelivunja mwenyewe. Uza, pesa kula wewe. Ramadhani ikiingia, nguo za Idi zimejaa kwa mafundi hadi mlangoni, Naap itajifunga yenyewe, na namba ya kulipia ili ifunguke ni yangu."

Nawe unayesoma, simama. Nenda kwa fundi wako sasa hivi, mnong'oneze: Naap ya wizi imefika mjini.