Matundu ya Makusudi

"K mbili, YO, K mbili kwa pamoja," Binti alisoma kwenye karatasi ya maelekezo ya kufuma.

"Soma taratibu, hatuko kwenye gwaride," alisema Mama, sindano zake za kufumia zikigongana. Miwani yake ilikuwa imekaliwa na mtu ambaye hadi leo hajajitaja, kwa hiyo Binti ndiye aliyekuwa macho yake.

"YO ndiyo nini?"

"Unazungusha uzi juu ya sindano kabla hujafuma kitanzi kinachofuata. Unapata kitanzi cha ziada, na chini yake panabaki tundu."

"Tundu? Si umeshaharibu, Mama?"

"Tundu la makusudi. Halafu unafuma vitanzi viwili kwa pamoja, hesabu inarudi palepale. K ni kufuma kawaida, P ni kufuma kinyume. Mtu umesoma mpaka chuo, unashindwa na herufi nne!"

Binti hakuwa ameshindwa na herufi. Alikuwa ameshindwa na tumbo. Fundi friji alikuja kutengeneza friji mara nyingi kuliko friji yenyewe ilivyohitaji, na mpaka sasa haigandishi. Kilichopatikana ni mimba, na Binti aliamini kwamba hakuna aliyeijua pale nyumbani. Ndivyo alivyoamini mpaka Mama alipoanza kufuma kitu kidogo, cha rangi ya kifaranga.

Kilichomtisha zaidi ni Baba. Huyu alikuwa mkaguzi wa mizani, mtu wa safari za kikazi, aliyejulikana madukani kwa kutosamehe hata gramu. Siku moja mezani, mdomo umejaa chakula, alitangaza kwamba binti atakayemletea mimba akatafute baba mwingine. Binti ndiye alikuwa binti pekee, kwa hiyo hakuwa na wa kumsukumia.

Kumuuliza Mama anafuma nini ilikuwa kazi bure. Hakutaja kitu mpaka kiishe, tangu ile kofia aliyoitangazia ukoo mzima ikaishia kupigiwa deki. Karatasi ya maelekezo nayo ilikuwa imechanika juu. Jina na picha ya kitu chenyewe vilibaki kwa mwenzake Mama wa kazini, aliyemgawia. Ikabidi Binti ajisomee mwenyewe, mstari kwa mstari, na kila mstari ulimzidishia hofu. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo. Pande mbili palikuwa na nafasi zilizoachwa wazi, za mikono bila shaka. Na sasa huu mstari wa YO, pamoja, YO, pamoja, mzunguko mzima, matundu yamejipanga vizuri.

"Haya yote ya nini?"

"Ya kupitishia kamba. Ukivuta inabana juu, joto halitoki."

Shingoni, basi. Binti aliuona kabisa utepe na fundo lake.

"Mbona nafasi ya huku ndogo, ya kule kubwa?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

Mama yuleyule wa kofia. Kwa mara ya kwanza Binti alimwonea huruma mtoto wake. Hajazaliwa, na tayari ameshaonewa mkono mmoja.

Na Baba alikuwa amejua. Binti hakuona maelezo mengine. Tangu kile kifaranga kianze kuchukua umbo, Baba hali chakula vizuri, anaosha vyombo bila kuambiwa, na akikutana na Binti koridoni anaangalia ukuta. Jana alisimama nyuma ya kiti cha Mama, akakohoa.

"Ya nani hiyo?"

"Subiri iishe, utaelewa mwenyewe," alijibu Mama bila kugeuka, na Baba akarudi jikoni kuosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

"Haya, endelea kusoma," Mama alisema sasa.

Binti hakuweza. Aliliona begi lake nje ya geti. Aliona chumba cha fundi friji, kitanda kimoja na mafriji mabovu mpaka dirishani. Aliogopa kweli, akaona ni heri aseme kabla Baba hajarudi kutoka kazini. Akaiweka karatasi mezani.

"Mama, kuna jambo nataka kukwambia. Najua unajua."

"Najua nini?"

Mlangoni kitu kilianguka kwa kishindo. Ulikuwa mkoba wa Baba. Jiwe la mizani lilichomoka, likabingirika mpaka chini ya kochi. Baba mwenyewe alikuwa amepiga magoti.

"Nyamaza, mwanangu. Usibebe mzigo usio wako," alisema, machozi yakimtoka. "Niache niseme mwenyewe." Akamgeukia Mama. "Mke wangu, sijui nani kakwambia. Mtoto ana miezi miwili, wa kiume. Mama yake ana duka huko ninakosafiri, mimi nilikwenda kukagua mizani tu. Lakini wewe! Badala ya kunifukuza, unakaa unamfumia sweta! Una moyo gani wewe?"

Sindano zilisimama. Binti akafunga mdomo wake, taratibu.

Mama alikitazama kile kitu mapajani mwake, akamtazama mumewe, akakitazama tena.

"Baba watoto," alisema, "hiki ni cha kufunika buli, chai isipoe."