Kigoda cha Gasper

Herieth alitoa kigoda cha baba yake, akakiweka pembeni ya mlango, akaleta na maji ya kunawa miguu. Kisha akasimama akimtazama mama yake usoni, kama mtu anayesubiri jibu.

Philomena aliacha kuchambua maharage. Mgongo ulimuuma, na maneno aliyotakiwa kuyasema yalikuwa yamemchosha kuliko jembe.

"Haya, mwanangu. Baba yuko Gwarama kwenye mizinga yake. Akimaliza kurina asali atakuja."

Herieth akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kupanga kuni: ndefu na ndefu, fupi na fupi.

Gasper alikuwa amezikwa Muyama, nyumbani kwa mama yake, tangu msimu wa mahindi uliopita. Tawi lilimkatikia akiwa juu anatundika mzinga. Siku ya mazishi Herieth aliachwa hapa Kasulu kwa jirani, kwa sababu kelele za watu wengi humfanya ajigonge kichwa ukutani. Wakakubaliana kwamba ataambiwa baadaye. Wakati huo haukufika; aliambiwa tu kwamba baba yuko Gwarama.

Angeanzia wapi? Mtoto huyu kitanda chake kiliwahi kusogezwa bila yeye kuwapo, akalia mpaka sauti ikakauka, na chakula akakikataa. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba: ukihamisha kitu, hata mwiko, unamwambia Herieth. Mwiko unasemeka. Baba je?

Likizo ilipofika Herieth alikwenda Muyama kwa bibi yake. Philomena alimsihi mama mkwe wake asimpitishe mtoto nyuma ya migomba, kwenye kaburi. Bibi alimrudisha mwenyewe, akanywa uji haraka haraka, akaaga bila kumtazama Philomena machoni. Jioni ileile ndipo mambo ya kigoda yalipoanza.

"Amemkumbuka baba yake, basi," alisema Evaline, mdogo wake Philomena. "Ila huyu mtoto ana vituko. Ile siku ulipolala Kibondo msibani nikabaki naye hapa, kigoda hakukigusa. Nikamuuliza, wewe, leo baba haji? Akanitazama kama nimeongea upuuzi."

"Hakuwa na raha. Mimi sikuwepo."

"Na wewe dada utakwisha. Jitazame, umekuwa kama fimbo ya mchunga mbuzi. Kila jioni kumpokea marehemu! Mimi ningeshakimbia."

Philomena hakucheka. Alifikiri juu ya kukimbia, akaona hata hilo lina kazi nyingi.

Ndipo alipompeleka binti yake kwa Mwalimu Mwanaamina, mwanamke wa Tanga aliyehamishiwa Kasulu kufundisha watoto wenye usonji.

"Karibuni kitako," alisema mwalimu. Alitoa vikaragosi viwili vya nguo, kikapu kidogo na kopo. "Herieth, huyu ni Mwanahawa. Anaweka goroli yake ndani ya kikapu, anatoka nje kucheza. Huyu ni Saady. Anaitoa goroli kwenye kikapu, anaificha ndani ya kopo. Mwanahawa hakuona. Sasa anarudi, anataka goroli yake. Ataitafuta wapi kwanza?"

"Kwenye kopo," Herieth alijibu papo hapo.

"Kwa nini kwenye kopo?"

"Saady atamwambia."

Mwalimu akarudia mchezo kwa yai na kawa mbili za kufunikia chakula. Jibu likawa lilelile. Herieth akapewa goroli nyingine, akazipanga dirishani kwa rangi.

"Mama Herieth," mwalimu alisema polepole, "mchezo mmoja hauwezi kunionyesha yote yaliyomo kichwani mwake. Lakini naona ana shida hapa: kujua kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo ambalo si kweli. Sisi tunabahatisha kutoka kwenye sura ya mtu. Yeye hawezi kubahatisha."

Philomena akamsimulia habari ya kigoda. Alisimulia bila machozi, kama mtu anayesoma bei za sokoni.

"Basi usingoje agundue mwenyewe," alisema Mwanaamina. "Mwambie. Usiseme amelala, usiseme amesafiri. Sema amekufa. Atalia, na wewe utakuwepo."

"Na asiponyamaza, mwalimu?"

 Mwanaamina alimshika mkono, akawasindikiza mpaka barabarani.

Jioni kigoda kilitoka. Maji yakaletwa. Herieth akasimama mahali pake, macho usoni mwa mama yake.

Philomena aliketi chini kwenye jamvi, mgongo ukutani. Sufuria na visu alikuwa ameshaviweka mbali. Evaline alikuwa amekaa uani, tayari kuitwa.

"Herieth. Baba hayuko Gwarama. Nilikudanganya. Baba alianguka mtini, akafa. Tulimzika Muyama, nyuma ya migomba. Hatarudi."

Akafumba macho, akasubiri ukelele.

Haukuja. Alisikia maji yakimwagwa taratibu kwenye shina la mpapai. Akasikia hatua zikiingia ndani, zikatoka.

"Nimerudisha kigoda ndani," Herieth alisema, kama sheria ya nyumba ilivyotaka.

Philomena alipofumbua macho, binti yake, ambaye hapendi kugusana na mtu, alikuwa amekaa ubavuni pake kwenye jamvi, amemshika kidole kimoja.

"Nani amekwambia, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi nilimkataza bibi asikwambie."