Gari Lililolia Njia Nzima

Gari lililia tena. Kwenye dashibodi ikarudi ile picha ya ufunguo, nyekundu, ikiwaka na kuzimika kama jicho lililoingia mchanga.

"Unaona sasa?" Spana alisema kwa sauti, macho yakiwa barabarani. "Ufunguo unao wewe hapo nyuma, mfukoni, na lenyewe linasema haupo. Hiyo ndiyo akili ya kompyuta."

Nyuma kimya.

Hakushangaa. Nyumbani mkewe alikuwa amemwonya, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye tumbo la miezi tisa: "Ukilitukana gari langu tena leo, sisemi na wewe mpaka mtoto azaliwe." Na uchungu ukimbana ndiyo hasemi kabisa. Ni mtu wa kukaza meno.

Ingekuwa shauri lake, wangetumia pikapu yake. Kuukuu, sawa, mlango mmoja umefungwa kwa waya, lakini kila kitu ndani yake ni chuma kinachoshikika. Ikigoma unaisukuma, unaingiza gia, unaachia klachi, inawaka. Katika ufundi wake wote hajawahi kuona kompyuta iliyosukumwa ikawaka.

Mkewe alikataa katakata. "Siendi kuzaa kwenye debe," alisema, akajilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari alilolinunua mwenyewe, akamwamuru mumewe abonyeze kitufe.

Injini iliwaka bila kelele. Hapo ndipo wasiwasi ulipomwanza. Injini isiyo na kelele ni kama mtoto aliyenyamaza chumba cha pili: lazima uende ukatazame. Spana alishuka, akainua boneti, akatega sikio.

"Kadi ya kliniki umeichukua?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Ee, ee," alijibu, akichungulia mkanda wa feni.

"Umeichukua, au unaitikia tu?"

"Subiri kwanza, mama. Nasikiliza."

Mlango wa nyuma ukabamizwa. Hasira hizo, aliwaza. Zitakwisha akimpakata mwanawe. Akashusha boneti, akaruka ndani, na gari likaanza kulia hata kabla halijatoka getini.

Sasa lori lilikuwa limekwama katikati ya njia, na kila mtu anapiga honi kana kwamba honi ina winchi. Spana alipandisha matairi mawili kwenye ukingo, akapenya. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kope. Katika kioo cha ndani aliona ncha ya mto na shuka la maua.

"Jikaze, mke wangu. Tumefika. Yaani, tumekaribia."

Ikaita simu, mlio ukitokea kwenye spika za milango. Skrini ikaonyesha namba asiyoijua. Akaikata. Ikaita tena. Akaikata.

"Mara namba ngeni, mara ufunguo haupo. Baadaye litaniambia na mimi mwenyewe simo!"

Alisubiri japo kicheko kidogo. Hakukisikia. Akakanyaga mafuta zaidi, na simu ilipoita tena akaizima skrini yote.

Mbele ya wodi ya wazazi alifunga breki mpaka matairi yakalalamika, akazima injini, akatoa kichwa dirishani. "Jamani, mke wangu anajifungua!"

Muuguzi alitoka mbio akisukuma kitanda cha magurudumu. Nyuma yake alikuja mlinzi, mkono juu. "Bosi, sogea mbele kidogo, ambulensi inaingia."

Spana alibonyeza kitufe. Hakuna. Picha nyekundu ikawaka. Akabonyeza tena, kwa dole gumba, kisha kwa ngumi. Hakuna.

Akaupiga usukani, na licha ya hofu yote ile, kitu kama furaha kikamjia.

"Si nilisema! Ndugu yangu, njoo uwe shahidi. Gari jipya, linatufia mlangoni pa hospitali! Pikapu yangu haiwezi kunitenda hivi hata siku moja. Chuma hakisemi uongo!"

"Baba," muuguzi aliita. Alikuwa ameushikilia mlango wa nyuma ukiwa wazi. Kitini palikuwa na mto, shuka na mfuko wa nguo za mtoto.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Spana. Namba ile ile. Akapokea.

"Usilitukane," ilisema sauti ya mkewe, ikihema. "Gari ni zima. Ufunguo ninao mimi, na kadi nimeipata. Kaa hapo hapo. Jirani mwenye simu hii ameisukuma pikapu yako, imewaka, tunakuja."