Mkorea Aingia Tononoka

Zilpah alijua amekwisha pale Mkorea alipoingia Tononoka.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Bintiye, Beryl, alikuwa amechomeka flashi kwenye televisheni, wakaendelea na tamthilia yao ya wakili kijana anayerudi nyuma miaka kuwaokoa watu waliofungwa bila hatia. Kikorea chenyewe hawakijui, wala hawakihitaji. Walichokuwa wakisikiliza ni Mtambo, msimulizi wa Mji wa Kale, Mombasa, yule anayezungumza juu ya filamu za wageni na kuwapa wahusika maneno yake mwenyewe. Mtambo hana adabu. Mto wa Korea kaufanya Kilindini, jaji kampachika jina la Allarakha, na matajiri wote kawahamishia Kizingo. Watu humnunua ili wacheke.

Sehemu ya nane, Zilpah hakucheka. Wakili alirudi nyuma miaka kumi na miwili akatokea mbele ya ghala, na Mtambo akasema hapa ni Tononoka, stima zimepotea, mlinzi kalala chini kapigwa chuma cha kichwa, na pale kwenye bomba la maji kasimama mama mmoja na ndoo yake. Kisha akashusha sauti.

“Huyu mama atakwenda kortini aape kwamba alimwona fundi wa friji. Na hakuona kitu. Sehemu ya tisa tutamtaja kwa jina.”

Beryl alicheka. Zilpah aliinuka akaenda jikoni, akafungua bomba na kuyaacha maji yaende bure.

Ndoo ile ilikuwa yake. Alichokiona usiku ule ni mgongo wa mtu akikimbia gizani, basi. Lakini kufikia asubuhi mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kuwa muuaji ni Badawi, fundi wa friji, kwa kuwa mchana wake alikuwa amegombana na yule mlinzi. Polisi walipomuuliza, Zilpah alisema ndiye. Alichelea kuambiwa anamficha muuaji, na yeye mtu wa bara, mgeni mtaani. Akajipa moyo kwamba watu wote hao hawawezi kukosea. Kortini akashika Biblia akaapa kwamba aliuona uso. Badawi akafungwa maisha.

Kwamba hakuuona, hajapata kumwambia mtu. Si marehemu mumewe, si mchungaji, si Beryl. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa mtungi ni yeye na kata ni yeye.

Basi huyu Mtambo kaijuaje?

Jibu lilimjia Jumatatu, akipiga deki ofisini bandarini. Nani mwingine ajuaye kuwa uso haukuonekana, ila mwenye uso? Yule aliyekimbia yu hai, ana duka la filamu, na sauti yake imekuwa ikiingia sebuleni kwake kila Jumapili, ikimchekesha yeye na mwanawe.

Tangu hapo hakulala vizuri. Simu ikilia, anaruka. Jumatano muuza mboga alimtania, akamwuliza Mama Beryl mbona ile kesi ya Wakorea inafanana na yako. Zilpah alijichekesha, akaondoka akasahau sukuma wiki alizokwisha lipia. Akitajwa, ni jela, hilo halina mjadala. Na asipotajwa, basi yule mtu anamtaka kwa jambo baya zaidi. Vyovyote vile Beryl atabaki peke yake, ama atabaki na mama ambaye hatathubutu kumtazama machoni.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akaenda Mji wa Kale. Kwa Mtambo kila mtu anapajua. Alielekezwa chumba cha juu, kwenye ngazi nyembamba, na kila kidato alichokanyaga alitamani kurudi. Alimwomba Mungu, kisha akaona haya kumwomba.

Alimkuta peke yake. Kijana mwembamba wa miaka thelathini hivi, hedfoni shingoni, kuta zote zimebandikwa trei za mayai ili kelele za nje zisiingie. Kwenye kioo cha kompyuta wakili Mkorea amegandishwa, mdomo wazi. Kijana alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti, akamwuliza kama atakunywa maji. Zilpah aliitazama mikono yake. Kumi na miwili kutoka thelathini. Alipiga hesabu, akaona hata kijana wa miaka kumi na minane ana nguvu ya kuinua chuma.

“Nakuomba usinitaje,” alisema. “Nina binti.”

“Nikutaje wapi, mama?”

Basi akamwambia yote, haraka haraka, kama mtu anayetapika: giza, mgongo, maneno ya mtaa, Biblia. Akamwambia kwamba hatamtafuta wala hatamsema kwa mtu, yeye na Mungu wake, mradi naye amwache. Kijana alikuwa ameivua hedfoni na kuishika mapajani.

“Sikumwona Badawi,” Zilpah alimaliza. “Nilidanganya. Wewe ulijua, sijui kwa vipi. Niambie tu ulijuaje.”

Kijana aliiweka hedfoni mezani, akamjibu kwa sauti ile inayochekesha nusu ya Mombasa.

“Sikujua,” alisema. “Badawi ni baba yangu. Yule shahidi mwongo nilimtunga mwenyewe, hata jina nilikuwa sijampa. Nilitaka baba atoke, japo kwenye filamu. Wewe nilikuamini, mama, ulipoapa kortini. Miaka kumi na miwili sijatia mguu gerezani kumtazama.”