Dakika Tatu za Anyango

"Kila shahidi dakika tatu," karani wa kamati ya uchunguzi alitangaza, kengele mkononi.

Anyango alishika maikrofoni. Hapa kwetu ukiongea mbele ya watu bila kuwasalimia, umewatukana. Basi akamsalimia mwenyekiti, wajumbe, chifu, wachungaji, wazee wa mtaa wetu wa Obunga na kina mama wenzake. Akaomba radhi kwa aliowasahau.

Kisha akafungua leso na kutoa kiatu kimoja cha shule kilichogandwa na matope. Kamba zake zilikuwa bado zimefungwa, mafundo mawili.

"Mtaro waliuchimba wakauacha wazi," alisema. "Mtoto wangu..."

Kengele ililia.

"Asante, Mama. Anayefuata."

"Lakini bado sijasema, Bwana."

"Sheria ni ya wote. Anayefuata!"

Aliketi, kiatu mapajani.

Aliyefuata alikuwa mzee wa mtaa, ambaye hata matangani salamu zake huchosha watu. Alipofika kwa Anyango alikichukua kile kiatu, akaenda nacho mbele. Karani alitazama saa. Ukumbi ulingoja salamu.

Mzee hakumsalimia mtu.

"Mtoto wake," alisema, "alikuwa na miaka saba."