Nishani ya Mzee Haidari

"Farasi niliyemlea mimi hanisahau hata azeeke!" Mzee Haidari alitamba, nishani mpya ikimeremeta kifuani. Mji mzima ulikuwa uwanjani kuwaenzi wazalishaji na wauzaji wakongwe wa farasi wa kukokota magari ya maonyesho: yeye na Bwana Sefu, mshindani wake wa miaka arobaini.

"Haya, mwite Lulu tuone," Sefu alimchokoza.

Lulu, farasi ambaye Haidari alimuuza miaka sita iliyopita, alikuwa amefungwa kwenye gari lililopambwa. Haidari akapiga mluzi. Akapiga tena mpaka mate yakamruka. Lulu akaendelea kutafuna kama mama mkwe aliyenuna. Watu walicheka, wakaenda kula.

Mzee akamsogelea peke yake. Lulu akaipita ile nishani, akazamisha pua ndani ya koti lake, akaivuta kanga iliyofichwa humo. Ilikuwa ya marehemu Bi Zuhura, mkewe, aliyewalisha farasi wote kila alfajiri. Akainusa, akachungulia nyuma ya mzee, akangoja.

"Hayupo, mwanangu," Haidari alinong'ona, akilia shingoni mwa Lulu. "Hata mimi namtafuta."

Alipogeuka, Sefu alikuwa amesimama hapo na sahani mbili za pilau, hajui aziweke wapi.